Nyota Moja ya Bi Somoe

Simu iliingia nikiwa nimepiga magoti nyuma ya jokofu la mwalimu mmoja, bisibisi nimeibana kwa meno. Sauti ilikuwa ya msichana nisiyemjua. "Samahani, hapo ni kwa Wa Kwanza?" Nikaitoa bisibisi mdomoni. Hapa duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyeniita hivyo, na mtu huyo hakuwa na desturi ya kuomba samahani. Nikajua amekufa hata kabla msichana hajasema. Akaniambia anaitwa Rehema, mjukuu wa Bi Somoe wa Msimbati, kwamba bibi amefariki alfajiri, na kwamba yeye anapiga namba zote zilizomo kwenye simu ya marehemu bila kujua ni za akina nani. "Wengine bibi kawaandika majina yao. Wewe kakuandika Wa Kwanza. Ulikuwa nani kwake?" Nikamwambia mimi ni fundi wake wa jokofu. Nadhani alitarajia jambo kubwa zaidi, labda ndugu wa mbali au mkwe aliyefichwa.

Nilimaliza kazi ya mwalimu huku machozi yananitoka, naye kwa wema wake akadhani ni gesi. Tangu siku hiyo mwaka nilioanza ufundi hautoki kichwani, basi afadhali niuandike. Habari za kwetu na za ukoo wetu naziacha, hazihusiki. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha majokofu na viyoyozi, na hakuna karakana hata moja mjini Mtwara iliyonitaka. Mwenye karakana mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba nafasi iliyopo ni ya kuwapikia mafundi chai. Ndipo nikasikia habari za huduma moja ya mtandaoni: mtu mwenye friji lililokufa, king'amuzi kilichogoma au pasi iliyoungua anaandika shida yake kwenye simu, na fundi aliye karibu anatumwa kwake. Hao hawakuniuliza mimi ni mwanamke au mwanamume. Walinipa mtihani, nikashinda, wakaniazima mkoba wa vifaa wenye geji ya kupimia, pampu na mtungi mdogo wa gesi, wakaniandikia mwaka mmoja wa majaribio. Kila mteja nikishamhudumia angenipa nyota, kuanzia moja hadi tano. Mwaka ukiisha, wastani wangu ukiwa chini ya nne, narudisha mkoba na jina langu linafutwa. Mimi vifaa vile nisingeweza kujinunulia, na mlango mwingine sikuuona. Mkoba ukirudi, na ufundi wangu umekwisha.

Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Neema, karani wa serikali, Mhaya aliyehamishiwa Mtwara na kuhesabu uhamisho huo kama adhabu kwa kosa asilolijua. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama jiko lake, kitanda cha kamba, na chini ya kitanda ule mkoba, ambao niliufunika kwa khanga kama mtoto mchanga. Ukuta kati yangu na sebule yao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliangalia mpira bila televisheni. King'amuzi chao kilikuwa na tabia ya kukata picha kila mechi ilipofika patamu, na Baba Neema, aliyefanya kazi bandarini, alikisemesha kwanza kwa adabu, halafu kwa Kihaya. Ndio walikuwa wateja wangu wa mwanzo. Nikapanda juu ya paa, nikaligeuza dishi kidogo, nikabadilisha waya ulioliwa na kutu ya chumvi, picha ikatulia. Wakanipa nyota tano. Mama Neema akanipa na sahani ya ndizi, akaniangalia nikila huku akisema kwamba ndizi zenyewe za huku si ndizi, ni majaribio tu. Mimi nikampa ming'oko niliyochemsha, ile mizizi tunayoipenda huku Kusini. Akaumenya mmoja kwa tahadhari, akatafuna, akasema, "Kumbe nyie mnaishi kwa kuchimba." Lakini alikula wa pili.

Miezi ya mwanzo nilifanya kazi mjini tu, nyota zikawa tano, nne, tano. Kisha nikatumwa Msimbati, kijiji cha pwani, kwa Bi Somoe. Nilifika nimejaa mchanga mpaka masikioni, pikipiki ilizama mara tatu njiani na mara zote mimi ndiye niliyesukuma. Nilimkuta mama mtu mzima, mfupi, mnene wa mikono, amekaa kibarazani anasuka ukili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama nyuma yangu. "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akanikagua kuanzia viatu mpaka kilemba, akaniuliza naitwa nani, nikamwambia Zainabu. "Haya Zainabu. Nangu sina neno. Jokofu halijui nani kalishika." Nangu ndivyo alivyosema badala ya mimi, Kiswahili chake kilichanganyika na Kimakonde, na akichangamka kilizidi kuchanganyika.

Lile jokofu lilikuwa limekufa zamani, limekuwa kabati. Alilifungua akaanza kutoa vitu: doti za khanga, kopo la ubani, kofia ya marehemu mumewe, kadi ya kliniki ya binti yake ambaye sasa alikuwa mama mwenyewe. "Usicheke," akaniambia. "Kabati la mbao mende wanaingia. Hili wanashindwa." Alitaka lifufuke kabla ya Ramadhani. Majirani zake walikuwa wakifuturu maji ya moto kama chai, naye alikuwa ameapa kwamba mwaka ule watafuturu maji baridi. Nilifanya kazi kutwa nzima. Nikaziba bomba lililotoboka, nikabadilisha kifaa cha kuwashia mota, nikajaza gesi, nikamfungia na kilinda-umeme kwa sababu umeme wa pale ulipanda na kushuka upendavyo. Alasiri mota ikanguruma. Bi Somoe akaita majirani, wakaja akina mama kama saba, akawaamuru mmoja mmoja waingize mkono. "Weka mkono. Usiogope. Weka." Kila mmoja aliingiza, akashtuka, akacheka. Halafu tukakaa mkekani tukala ming'oko kwa mchuzi wa pweza, na mmoja wao, Bi Esha, mrefu na mwenye macho ya kukagua, akanishauri nitafute mume haraka kabla sijaota ndevu. Niliondoka nimeshiba na nimefurahi. Naukumbuka ule mchana kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu hilo analijua.

Baada ya pale kazi zikafuatana. Bi Esha na friza lake, jirani na feni, mwingine na king'amuzi. Nikaitwa hata Mpapura, kwa mkulima wa korosho mwenye televisheni ya umeme wa jua, mzee mkarimu aliyenifungia furushi la mihogo. Na nyota zikaanza kuingia. Programu ya wakati ule haikuonyesha jina la mteja, ilionyesha kijiji na nyota tu. Msimbati: nyota moja. Msimbati: moja. Mpapura: moja. Msimbati, Msimbati, Msimbati: moja, moja, moja. Kila asubuhi nilifungua simu kabla sijanawa uso, na kila asubuhi wastani wangu ulikuwa umeteremka. Ulifika tatu. Ukapita tatu. Ofisi ikaniandikia ujumbe wa adabu iliyopindukia, kwamba wamegundua "changamoto katika mahusiano na wateja wa vijijini" na kwamba bado nina miezi miwili ya kujirekebisha.

Nijirekebishe nini, sikujua. Nikaanza kuchimbua kila siku niliyokuwa huko. Labda ni ile suruali ya ovaroli niliyovaa. Labda nilikula kwa pupa. Labda walicheka nami usoni, na nilipogeuza mgongo wakasema mwanamke gani huyu anayeparamia mapaa ya watu. Siku moja, wakati wa chakula cha jioni, nikamsikia Baba Neema ng'ambo ya ukuta. "Yule binti ana tatizo. Mtu mmoja anaweza kumwonea. Watu kumi na wanne?" Mama Neema akajibu, "Mimi sijamwona na mdomo mchafu." "Hapa kwetu hana. Huko hujui anavyowajibu wazee." Nikaisukuma sahani yangu. Kilichoniuma si kwamba waliniteta, ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini hivyo. Nilipotumwa tena vijijini nilivaa baibui juu ya ovaroli, nikafanya kazi kimya, sikucheka na mtu, na nilipokaribishwa chakula nilisema nimefunga. Nyota zikaendelea kuwa moja. Sasa ninapokumbuka naona nilikuwa nawaadhibu watu kwa wema wao, lakini wakati ule nilijiona mimi ndiye mwenye haki ya kununa.

Ulipobaki mwezi mmoja na siku kadhaa, Bi Somoe akaomba fundi tena, mpira wa mlango wa jokofu umelegea. Nilikwenda nimekaza uso. Alikuwa amechemsha ming'oko, nimeinusa tangu uani. Nikabadilisha mpira, nikakusanya vifaa. "Kaa ule," akasema. Nikasema nimefunga. Akanitazama. "Umefunga nini Jumanne hii? Mara ya kwanza ulikula mpaka ukalamba bakuli. Bi Esha naye umemkatalia. Mama wa pale umemkatalia. Tumekukosea nini, mwanangu?" Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Nikajibu kwa ukali ambao sikuwahi kumtolea mtu mzima. Nikamwambia kama walichukia kazi yangu wangenieleza usoni, si kunilisha pweza halafu kunimaliza kwenye simu. Nikamwambia kwamba mwezi ujao narudisha mkoba, na kwamba Msimbati nzima imenipa moja.

"Ndiyo," akasema Bi Somoe. "Tumekupa moja. Ulitaka ngapi?"

Nikamwambia nilitaka tano. Akapiga kofi pajani. "Tano! Mtoto akija na ripoti ya shule, kawa wa tano, mwingine kawa wa kwanza, utamchinjia kuku yupi? Mjukuu wangu wa kiume kapata divisheni wani, tulipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Aliyepata divisheni foo tulimficha. Wewe tukupe tano tumekuona mjinga?" Kisha, akiwa bado ameudhika, akanieleza jinsi ilivyokuwa. Ujumbe ulioingia kwenye simu zao ulisema mpe fundi wako nyota, kuanzia moja hadi tano, jibu kwa namba. Basi. Haukusema ipi nzuri ipi mbaya. Wakakutana pale pale kibarazani, wakashauriana, wakakubaliana wote wanipe nafasi ya juu kabisa. "Bi Esha alitaka akupe mbili, kwa vile uliacha alama ya mkono kwenye ukuta wake mweupe. Tukamsema. Tukamwambia aache roho mbaya, kazi ya mtu ni jokofu, si ukuta. Akakubali, akaandika moja."

Nilikaa chini mchangani. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikawa nafanya vyote viwili, na Bi Somoe akanisukumia bakuli la ming'oko. Nilikula kama mtu aliyefunga kweli. Nilipomweleza kwamba huko mtandaoni wameigeuza, kwamba tano ndiyo juu na moja ni ya mtu aliyeharibu, aliuliza kwa mshangao wa kweli ni nani aliyeamua hivyo na kwa nini hakuuliza watu.

Nilipiga simu ofisini siku ile ile. Wakaniambia fundi haruhusiwi kugusa nyota zake, ila mteja mwenyewe akipiga kwa namba yake anaweza kurekebisha. Siku ya pili akina mama walikusanyika kwa Bi Somoe, kwa sababu mtandao wa simu ulishika vizuri kwenye kona ya dirisha la jiko lake, na humo ndimo walimopigia wote, mmoja akitoka mwingine akiingia, sauti imefunguliwa ili wengine wasikie. Aliyepokea alikuwa dada mmoja aitwaye Jackline, mwenye Kiswahili cha ofisini. "Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?" Bi Esha akawa wa mwanzo. Akamuuliza hali, akamuuliza ameamkaje, wazazi hawajambo, watoto anao wangapi, nyumbani kwao ni wapi. Jackline alijaribu kumrudisha kwenye tatizo lake, lakini wapi! Alipotaja kwao, Bi Esha akaruka. Kumbe kabila la Jackline na la Bi Esha ni watani tangu mababu. Hapo nikajua kazi imeharibika. "Aa, mtani! Kumbe nyie siku hizi mmepewa simu? Sasa sikiliza. Ile nyota ya Zainabu igeuze. Usipoigeuza, siku ya msiba wenu nakuja kulala kwenye jeneza, na hamnitoi." Tukamsikia Jackline akicheka kicheko ambacho si cha ofisini hata kidogo. "Mtani, usinifanyie hivyo," akasema, naye akaanza kuwatukana akina mama wa Msimbati kwa haki yake yote ya mtani, na jikoni watu wakaanguka kwa vicheko.

Waliofuata wote walidai waunganishwe na mtani wao. Kila mmoja alieleza jambo lile lile kwa njia yake: tulidhani moja ndiyo ya juu, binti ni hodari, tusimharibie. Wa nane alipomaliza, Jackline akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake mwenyewe huko kijijini naye humpa kila mtu moja, na alidhani ni ukali wa uzee. Akaahidi kulifikisha kwa mkubwa wake. Mimi nikaenda Mpapura kumweleza mkulima wa korosho, naye akapiga, akachukua nafasi hiyo kulalamikia mambo mengine sita yasiyohusu majokofu.

Akabaki Bi Somoe. Yeye aligoma. Tulimbembeleza sote. Nikamwambia kuwa bila ya kwake huenda wastani usifike, kwamba ni kubonyeza tu, na Jackline atabadilisha. "Nimekuelewa," akasema. "Lakini namba hiyo niliandika kwa mkono wangu. Nimejifunza kuandika ukubwani, kwa shida, na siku ile niliandika moja kwa sababu wewe ndiye fundi wa kwanza kuingia nyumba hii akaniambia ukweli kuhusu kitu changu, kwamba bado kina uhai. Wengine walikuja, wakala, wakasema nunua jipya. Sasa nifute niandike tano, hiyo tano itakuwa ya nani? Itakuwa ya huko ofisini. Si yangu." Nilikasirika. Nasema wazi, nilimwona mkaidi na mwenye kujipenda, na niliondoka bila kumuaga vizuri. Siku zile za kusubiri Mama Neema alinipikia kila jioni, na Baba Neema, bila kujua kama nilimsikia siku ile, alinitengenezea mkanda wa mkoba uliokatika. Siku ya mwisho ya mwaka wa majaribio ujumbe ukaingia. Nilikuwa nimepita kwa tundu la sindano. Na chini yake waliandika kwamba kuanzia mwezi ule ujumbe kwa wateja utaeleza kwamba moja ni mbaya sana na tano ni nzuri sana. Kile ambacho ofisi nzima haikukifikiri kilifikiriwa na kibaraza cha Msimbati.

Nilirudi kumwomba Bi Somoe radhi, akanipokea kana kwamba sikuwahi kukosa, na tangu siku hiyo akaniita Wa Kwanza. Wakati wa futari ya mwaka ule nilikuwa pale, nikanywa maji yake baridi mpaka meno yakauma. Mkoba ukawa wangu, baadaye nikanunua mingine, sasa nina vijana wanne ninaowafundisha kazi, wawili ni wasichana. Programu iliboreshwa, ikaanza kuonyesha majina, hata ya zamani. Kwa hiyo miaka yote hii, katikati ya mamia ya nyota tano, imekaa pale: Somoe, Msimbati, nyota moja. Wateja wapya wanaiona na kuniuliza nilimfanyia nini huyo mama. Wengine nawaeleza, wengine nawaacha wateseke.

Nilifika Msimbati siku ya tatu ya msiba. Nyumba ilijaa, na jokofu, lile lile, lilikuwa limegoma asubuhi ile likiwa na samaki na maji ya wageni. Nikavua baibui, nikafungua mkoba pale pale katikati ya masufuria. Mkojo wa panya ulikuwa umekula waya, kazi ya dakika chache. Rehema, msichana mrefu wa kidato cha sita, alinishikia tochi na akasisitiza kuiandika kazi ile kwenye programu, ili nihesabiwe. Alipofungua ukurasa wangu akaona jina la bibi yake. Akashtuka. "Mungu wangu. Bibi alikosea. Fundi, simu yake hii hapa, namba yake bado inafanya kazi. Nibadilishe? Ni kubonyeza tu." Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, na mimi nilikumbuka nilivyomsihi Bi Somoe kwa maneno hayo hayo. Nikamwambia asiguse. Akaniuliza kwa nini, nikamweleza yote, kuanzia kofia ya babu yake ndani ya jokofu mpaka Bi Esha na jeneza. Bi Esha mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, akacheka akajifuta kwa upindo wa khanga. Rehema alisikiliza mpaka mwisho, akaifunga simu ya bibi yake, akaiweka kifuani.

Nilikuwa nimefika mjini, napandisha mkoba rafuni, simu yangu ilipotetema. Kuna maoni mapya. Nikaifungua nikiwa nimesimama. Rehema, Msimbati, nyota moja.

Sasa ninazo mbili.